Mbwa Aitwaye Siwangu

Mama Dobi alijua mambo yameharibika pale alipomwaga beseni la maji ya povu na hakuna aliyeruka. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo: yeye anafua nyuma ya jengo, mbwa analala palepale mtaro unapopita, utadhani dunia nzima haina mahali pengine pa kulala. Maji yanakuja, mbwa anaruka, anajikung'uta, anamtazama kwa lawama, kisha anarudi kulala palepale. Leo maji yalipita mtaroni yakaenda zake, hayakukutana na mtu wala mnyama.

Akanyoosha mgongo. "Siwangu!" akaita. "We Siwangu weee!"

Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguliwa, likafungwa. Hilo lilikuwa la Mama Redio, jirani ambaye habari ikimwingia saa hii, saa ijayo imeshafika kila jengo.

Akaacha mashuka ya watu yakielea kwenye beseni lingine, akaingia ndani mikono ikichuruzika. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, chini kabisa, pembeni mwa ngazi. Mumewe, Mzee Brashi, alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, bakuli la mbwa mapajani, analipangusa kwa ncha ya shati taratibu kama mtu anayepangusa kikombe cha mgeni.

"Mzee wangu, mbwa yuko wapi?"

"Wamemchukua."

"Nani wamemchukua?"

"Vijana. Wana kamba na mti mrefu. Wana adabu lakini, wameniamkia vizuri."

"Wakasemaje?"

"Wakaniuliza, mzee, mbwa huyu ni wa nani? Nikawajibu."

"Ukawajibu nini?"

Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jua huchomoza upande gani. "Siwangu," akasema.

Mama Dobi akaketi juu ya ndoo. Kilianza kumtoka kicheko, kimoja tu, kikavu kama kikohozi. Halafu akaziba mdomo kwa mkono wenye povu, maana alijua kitakachofuata si kicheko.

Jina hilo lilikuwa mzaha wa Mzee Brashi, wa enzi akili zake zikiwa kamili. Alikuwa mchora mabango. Nusu ya mageti ya mji yalisema MBWA MKALI kwa mkono wake, hata ya nyumba ambazo hazikuwa na paka. Jioni moja alirudi kazini na rangi kwenye nywele na kitoto cha mbwa nyuma ya visigino. Mkewe akauliza, "Mbwa wa nani huyo?" Akajibu, "Si wangu." Kesho yake kitoto kikaja tena. "Na leo ni wa nani?" "Si wangu, mke wangu, nakuapia." Keshokutwa mkewe akasema, "Haya, mwambie huyo Siwangu wako alale nje, ana viroboto." Jina likaganda hapo.

Mzee aliligeuza mchezo. Mgeni akija anauliza, mbwa anaitwaje? Siwangu. Sijakuuliza ni wa nani, bwana, nimekuuliza jina. Na mimi nimekupa jina. Wakizunguka hapo mara mbili tatu mzee anacheka mpaka anakohoa, na mgeni anaondoka hajajua amejibiwa au amekataliwa. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, ila wa kwao ulichukua miaka kuiva.

Maradhi ya kusahau yalianza kwa brashi, yakaja kwa njia za mji, yakaingia ndani ya nyumba. Sasa mkewe alimwita "mama", vile unavyomwita mwanamke usiyemjua kwenye foleni. Watoto walikuwa mbali na maisha yao, sauti zao zilikuja kwa simu naye akazijibu kwa heshima kama anaongea na ofisi. Jina moja tu halikumtoka kinywani, nalo lilikuwa la mbwa. Na mbwa naye alijua kazi yake bila kufundishwa. Mzee akiinuka, anainuka. Mzee akitoka, yuko nyuma. Mzee akisimama njia panda macho yamemtoka, hajui kushoto wala kulia, mbwa anamshika pindo la suruali na kumgeuza nyumbani. Daktari alisema atafutwe mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Mtu huyo alishapatikana, ila alikuwa na miguu minne. Ndiyo maana Mama Dobi aliweza kufua, na alipofua ndipo walipokula.

Halafu ikaja kanuni. Mbwa wa majalalani walimng'ata mjukuu wa Mwenyekiti wa wakazi, mtoto aliyetumwa kutupa taka. Mashuka ya kitanda cha mtoto yule yaliletwa kwa Mama Dobi, akayaloweka mara nne na damu haikutoka yote. Kwa hiyo mkutano ulipoitwa pale kwenye maegesho ya magari, na kanuni zikasomwa, kwamba kila mbwa awe na mwenyewe anayejulikana, achanjwe, akitoka nje afungwe kamba na kamba ishikwe na mtu, uchafu wake uzolewe, na asiye na mwenyewe akamatwe apewe watu wa manispaa, wakaulizwa wanaokubali, Mama Dobi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alinyoosha mpaka kwapa likaonekana. Mtu akipitisha sheria huwa anaiona ikienda kwa mwingine.

Chanjo alishampeleka. Uchafu alizoa. Kamba ndiyo iliyomshinda. Nani angeishika? Mzee alikuwa anaachia kila kitu, kijiko, kikombe, mkono wa mtu. Na mbwa akifungwa mlangoni, mzee akiondoka je? Akawa anasema nitapata njia kesho, na kesho haijawahi kumnyima mtu nafasi.

"Jirani!" akaita dirishani. "Jirani, tafadhali, shuka unikalie na mzee. Usimwache hata kidogo. Nakimbia getini."

Mama Redio alishuka upesi kiasi cha kushangaza. "Kuna nini? Kuna nini? Nieleze huku unaenda."

"Nikirudi."

"Sasa mimi nitakaa hapa na habari nusu?"

Banda la jenereta la zamani, karibu na geti, ndilo walilofanya kizuizi. Jenereta lilikufa zamani, wavu ukabaki. Ndani mlikuwa na mbwa kama sita, wa kahawia, wa madoa, wamebanana. Siwangu alikuwa mwisho, sikio lake lililochanika limesimama, hatazami watu wala wavu. Anatazama upande wa majengo.

Mlinzi wa getini alikuwa mwanamume mnene mwenye huruma nyingi na woga mwingi, walimpachika jina Kipenga kwa sababu alipuliza hata kwa gari lililosimama.

"Kipenga, mwanangu, nifungulie. Mmenichukulia mbwa."

"Shikamoo, mama. Mbwa gani?"

"Yule wa mwisho, mwenye sikio. Siwangu."

"Sasa kama si wako, mama, unamtakia nini?"

"Nimesema Siwangu!"

"Nimesikia. Hata mzee kasema hivyo hivyo. Familia nzima mna msimamo mmoja."

"Jina, wewe! Jina lake ndilo hilo. Anaitwa Siwangu."

Kipenga akashusha sauti, kama anaongea na mgonjwa. "Mama yangu. Mbwa anaitwa Simba. Anaitwa Tomi. Mbwa anaitwaje si wangu? Mimi nikimwita mke wangu Simtaki, nani atanipakulia chakula?"

"Nifungulie, mwanangu, nakuomba. Mzee yuko peke yake bila huyo."

"Kufuli ni langu, neno ni la Mwenyekiti. Nenda kwake, tena nenda mbio, gari la manispaa linakuja mchana huu huu. Na wakienda nao huko, mama, nisikudanganye. Hawarudi. Ni sindano."

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa chumba chembamba kando ya geti, feni moja inayozungusha joto lile lile. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa mahakama mstaafu. Maisha yake yote alikaa chini ya mahakimu akiandika yanayotoka vinywani mwa watu, akaishia kuamini kwamba mtu ni yale aliyoyasema, basi. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto wa mwanawe alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya meza, mguu umefungwa bandeji, maana sasa hakukubali kubaki mahali asipomwona babu yake.

Akamsikiliza Mama Dobi mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Mumeo aliulizwa mbele ya vijana watatu. Akasema si wake."

"Mume wangu ni mgonjwa, Mwenyekiti, unamjua. Hata mimi hanijui."

"Sawa. Tuiweke kando kauli ya mgonjwa. Wazima wanasemaje?"

"Mimi mzima nasema ni mbwa wangu."

"Leo. Na jana ulisema nini?"

"Jana?"

Sauti ikatoka mlangoni. "Jana, juzi, majuzi, Mwenyekiti, mimi ni jirani, siwezi kusema uongo!" Alikuwa Mama Redio, anahema, kitambaa cha kichwa upande. "Kila siku ya Mungu namsikia huyu mama hapo nyuma anapiga kelele: si wangu, si wangu wee! Nikawa najiuliza, mwanamke huyu, kama si wako unampigia kelele za nini? Tena kwa sauti ya mtu aliyeudhika!"

"Nilikuwa namwita!"

"Unaona, Mwenyekiti, hakatai."

Watu walishaanza kukusanyika, maana Mama Redio hapiti kimya. Mwenyekiti akainuka. Akamtazama mjukuu wake, akamtazama Mama Dobi, na inaonekana alitaka kutenda haki, kwa njia aliyoijua.

"Tutafanya hivi. Njoo bandani. Sema mbele ya watu hawa, mbwa huyu ni wangu. Kisha umwite. Akikuitika, mnyama amemjua mwenyewe, mimi sina neno zaidi. Ila nikusikie tena ukitamka kuwa si wako, mama, nimefunga shauri. Sitaki kuchezewa maneno. Nimechezewa vya kutosha kazini."

Wakaenda. Mama Dobi akashika wavu kwa vidole vyote. "Mbwa huyu ni wangu," akasema, na akashtuka kusikia sauti yake, maana kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kusema hivyo nyumbani kwao, si yeye wala mzee. Mbwa aliishi na jina lake na ikatosha.

"Mwite sasa."

Angemwita nini? Jina lake ndilo lingemuua. Akalamba midomo. "Wangu!" akaita. "Wangu, njoo! Njoo hapa, Wangu!"

Mbwa hakugeuka. Hata lile sikio zima halikucheza. Alikuwa anatazama majengo, shingo imenyooka, na sasa alianza kulia kwa sauti nyembamba ya ndani, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Wangu! Mimi hapa, baba! Wangu!"

"Hata mbwa kakataa," mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka.

Mama Dobi akainamisha kichwa ili wasimwone uso. Na hapo chini, kwenye vumbi, akaziona ndala za kijani, moja ina kiraka cha uzi wa kuvulia samaki. Alikishona kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa kwenye miguu ya Mama Redio.

"Hizo ndala ni zangu," akasema polepole.

"Nimezivaa tu mlangoni, jirani, nilikuwa na haraka..."

"Ulitoka kwangu na haraka. Mzee yuko na nani?"

Mama Redio akaanza kuzivua ndala.

"Mzee yuko na nani!"

"Alikuwa amesinzia, jirani. Haki ya Mungu alikuwa amesinzia. Nilisema nisikilize kidogo tu nirudi."

Alikimbia peku. Mlango ulikuwa wazi, kiti kitupu, bakuli la mbwa limepinduka kizingitini. Akaingia chumbani, akatoka. Akatazama nyuma, kwenye kamba za nguo, akafunua mashuka moja moja kama mzee angeweza kujificha humo. Akaita "Mzee wangu!" na ukuta ukamrudishia. Alipogeuka kurudi getini akaliona geti lenyewe: limefunguliwa pande zote mbili, wazi kabisa, maana gari la manispaa lilikuwa linaingia, na macho ya kila mtu yalikuwa bandani. Tembo angepita asionekane.

Aliwakuta watu wa manispaa wamevaa glavu, mbwa wa kwanza wameshapandishwa. Akamshika mkono mmoja wao, akamwachia, akamshika Mwenyekiti.

"Ametoka. Mzee ametoka nje."

"Tutatuma vijana, mama, tulia tu..."

"Vijana watamtafuta wapi? Mji wote huu! Wanazijua njia zake? Mimi mwenyewe sizijui! Anayezijua ni huyo hapo!" Sauti ilimpasuka. "Mwenyekiti, shika lako, mimi nimeshindwa. Sema si wangu. Sema ni wa manispaa, sema ni wako. Mchukueni kesho. Mimi naomba mniazime. Niazimeni tu, nimpate mzee, halafu mtaenda naye."

Mtu mzima anaomba kuazimwa mbwa wake mwenyewe. Hata wale waliocheka walitafuta pa kuweka macho. Yule mjukuu alikuwa amemfuata babu yake kwa kuchechemea, amemshika suruali kwa nyuma. Alipomwona Siwangu akajificha. Mwenyekiti akamwekea mkono kichwani, akakaa hivyo, na Mama Dobi aliona jinsi taya lake linavyotafuna bila chakula.

"Kanuni inasema kamba," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Mbwa hatoki nje bila kamba, na mtu wa kuishika. Haisemi hatoki kabisa. Lete kamba. Kipenga, utafungua."

Kamba. Nyumba nzima haikuwa na kamba, isipokuwa ile iliyowalisha. Mama Dobi alirudi nyuma ya jengo na kisu cha jikoni, kisu butu cha kumenyea, akaanza kuikereza kamba ya nguo kwenye nguzo. Nyuzi zilikatika moja moja kwa ukaidi. Ilipoachia, mashuka yote ya watu yakalala matopeni kwa pamoja, meupe, ya hoteli, ya harusi ya mtu, na alipita juu yake akikimbia.

Akaifunga shingoni mwa mbwa. Kipenga akashika ncha ya pili kwa sababu yeye alikuwa mzito. Hapo hakukuwa tena na Mwenyekiti wala watu. Akapiga magoti, akamshika mbwa masikio. "Siwangu," akamwambia, wazi, bila kuogopa nani anasikia. "Siwangu, baba. Mzee."

Mbwa alimgeukia mara moja, akamtazama usoni. Kisha akamng'oa Kipenga pale aliposimama.

Walitoka getini mbio, mbwa mbele, Kipenga anavutwa kama mkokoteni, Mama Dobi peku nyuma yake, na nyuma kabisa Mwenyekiti na viatu vyake vya ofisini. Walipita mstari wa maduka. Mbwa hakusita. Walipita kwenye ukuta wenye bango lililofifia, herufi za Mzee Brashi mwenyewe, za sabuni ambayo haiuzwi tena, na hapo mbwa akanusa chini ya ukuta, akanusa tena, akachepuka nyuma, kwenye kiwanja kinachojengwa. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi pembeni na mwavuli wake wa kuuzia vocha.

"Umemwona mzee, dada? Ana shati la rangi rangi?"

"Sijamwona. Ila kuna babu huko nyuma nilimsikia analalamika, si wangu, si wangu. Nikajua anagombana na mtu kuhusu mzigo. Nami mambo ya watu siyaingilii. Muda sasa amenyamaza."

Amenyamaza. Neno hilo Mama Dobi alilibeba tumboni mpaka ukingo wa shimo.

Lilikuwa handaki la msingi, refu, limejaa maji ya mvua ya usiku uliopita. Mzee Brashi alikuwa ndani, maji kifuani, mkono mmoja umekumbatia nondo iliyochomoza ukutani, midomo imegeuka rangi. Macho yalikuwa wazi. Mafundi walikuwa upande wa pili wanamwaga zege. Walimsikia, ndiyo, walisema baadaye. Walimsikia na wakajibu kwa mbali, "Kama si wako uache hapo hapo, mzee!" Kisha mashine ikawashwa.

Mbwa hakusubiri. Kamba ilimtoka Kipenga mikononi na ngozi juu yake. Maji yakaruka. Mama Dobi naye aliingia, hakumbuki aliingiaje, akajikuta amemshika mume kwapani na tope linamvuta miguu. Mzee alikuwa ameachia nondo. Alikuwa amemshika mbwa shingo kwa mikono yote miwili, paji la uso kwenye manyoya.

"Siwangu," anasema, meno yanagongana. "Siwangu. Siwangu. Mbona umechelewa?"

Mwenyekiti alikuwa amefika ukingoni, kifua kinapanda na kushuka, soksi zimeloa. Aliyasikia maneno yale. Alisimama akayasikiliza tena, kama anavyosikiliza shahidi aliyemwelewa vibaya tangu mwanzo wa kesi.

"Kumbe ni jina," akasema.

Mama Dobi alimtazama kutoka shimoni. "Tupe mkono," akasema.

Walimtoa kwa ubao wa mafundi. Nyonga ilikuwa imeumia, na pale zahanati walisema atatembea tena, ila si kama zamani, na kwa bahati. Aliwashukuru wote kwa adabu. Alipofika kwa mkewe, aliyekuwa amemshikia shuka lisianguke, akamtazama sana. "Na wewe mama umelowa," akamwambia. "Nenda nyumbani ubadilishe nguo. Huna watu wanaokusubiri?"

"Ninao," akajibu.

Jioni Mwenyekiti alikuja, akasimama mlangoni, hakukubali kiti. Alisema mbwa hatachukuliwa, ameshamweleza kila mtu. Kisha akasema lile lililomleta: kwamba kanuni haijafutwa. Wale wengine gari limeondoka nao, na walikuwa na macho kama ya huyu. "Mjukuu wangu hapiti mlangoni kwako, mama. Anazunguka jengo zima. Siku nikimkuta mbwa huyu nje bila kamba, awe anaitwa Siwangu au anaitwa Malaika, itakuwa vilevile."

"Najua. Mkono niliunyoosha mwenyewe."

"Utafanyaje?"

"Sijui, Mwenyekiti. Sijui kabisa."

Na ni kweli hakujua. Wenye mashuka walikuja, wengine wakaelewa, wengine wakahamia kwa dobi mwingine. Alikaa na ile kamba mapajani siku nzima akiizungusha. Mbwa lazima afungwe. Kamba lazima ishikwe na mtu. Mzee hashiki kitu. Aliirudia kama mtu anayegonga mlango uliofungwa, mpaka ikamjia kwamba kushika na kufungwa, kwa mtu anayetazama kwa mbali, ni kitu kimoja. Hakufurahi ilipomjia. Alilia kidogo, kisha akainuka akamvalisha mume shati safi, akampitisha kamba kiunoni chini ya shati, fundo lile la kamba ya nguo ambalo halifunguki kwa upepo. Ncha ya pili akaifunga kwa mbwa.

Sasa anaanika kwenye kamba fupi iliyobaki, nguo zinabanana. Mzee anaketi karibu na mtaro, mguu umenyooshwa, fimbo kando. Akiinuka, mbwa anainuka. Hawaendi mbali.

"Jirani," Mama Redio akauliza kutoka dirishani juu, kwa sauti ya chini kuliko ilivyo kawaida yake, "hapo nani kamfunga nani?"

Mzee alikuwa ameinua pindo la shati, anaichunguza kamba kama kitu kilichookotwa.

"Samahani, mama. Kamba hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mashuka haya?"

"Ya watu."

"Na huyu mbwa?"

"Huyu ni wangu," akasema.

Mzee akatikisa kichwa, kwa upole, kama anamrekebisha mtoto anayejifunza kusoma. "Hapana, mama. Siwangu."

"Ndiyo," akasema Mama Dobi. "Siwangu."

Akainua beseni, akamwaga. Maji yakashuka mtaroni, mbwa akaruka, kamba ikakaza, mzee akavutwa nusu ya kuinuka kitini, akacheka mpaka akakohoa. Mama Dobi alibaki ameinama na beseni tupu, anangoja kama angeuliza na la mwisho, yeye mwenyewe ni wa nani. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mzee hakuuliza. Alikuwa ameshageuka, anampangusa mbwa maji ya povu sikioni kwa ncha ya shati.